Kabla ya kulipia kikapu, uliza kama kilichukuliwa kwa mali kauli

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni msomaji wako wa Tabata. Mungu akipenda, katikati ya Desemba nitakwenda Uholanzi kumwona dada yangu aliyeolewa Utrecht. Nataka kuwabebea zawadi wakwe zake, watoto wake wawili, mmoja ana miaka kumi na mwingine minne, na jirani aliyemtunza dada alipojifungua. Nimetenga shilingi 400,000 na nataka vitu vya mkono, si vya kiwandani. Juzi niliingia duka moja la Masaki lililoandika mlangoni kwamba linafanya biashara ya haki. Kikapu kilichonivutia ni 65,000. Kesho yake nikaona kinachofanana nacho kando ya barabara kwa 20,000. Dukani niliambiwa hela inakwenda kwa akina mama wa vijijini. Nitajuaje kama ni kweli au ni maneno ya kuuzia? Na kwa bajeti hiyo ninunue nini, na wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeuliza jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi, na wasukaji wangefurahi sana kama lingeulizwa kila siku.

Nianze na bei, kwa kuwa ndiyo iliyokukwaza. Bei peke yake haitakuambia kitu. Kikapu cha 65,000 kinaweza kuwa kimemlipa msukaji vizuri, na kinaweza kuwa kimemlipa sawasawa na kile cha barabarani, tofauti yote ikabaki Masaki. Tupige hesabu ya mfano. Namba ni zangu, za kuelezea tu. Kama duka limesajiliwa kwa VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida huku Bara ni asilimia 18, basi karibu 10,000 ndani ya ile 65,000 ni ya serikali. Zinabaki 55,000. Duka lina pango, umeme, mishahara, na lina vikapu ambavyo vitakaa rafuni miezi kabla ya kupata mnunuzi. Likichukua nusu sitalilaumu. Zimebaki 27,500. Toa gharama ya mzigo kwa basi kutoka Iringa kinakosukwa, mikanda ya ngozi na ujira wa fundi aliyeishona, tuseme 7,500. Kwa msukaji zinafika 20,000.

Sasa njoo barabarani. Mchuuzi akibaki na 5,000, na aliyeleta mzigo akabaki na 5,000, msukaji amepata 10,000 kwa kazi ileile. Tuseme kazi yenyewe ni siku nne, ukihesabu kwenda kukata milulu, yale majani ya kusukia, kuianika na kusuka. Mmoja amelipwa 5,000 kwa siku, mwingine 2,500. Hapo duka lina haki ya kujisifu. Lakini kama mwenye duka naye alimpa yule mama 10,000 zilezile, wewe uliyesimama mbele ya rafu huoni tofauti yoyote. Kikapu ni kilekile, na kibandiko cha bei ni kilekile.

Ndiyo maana nakushauri uache kuuliza bei imepangwaje, uulize fundi alilipwa lini na kwa mtindo gani. Miaka mingi kazi yangu imekuwa kukaa kati ya vikundi vya mafundi na maduka ya hapa Dar, kukagua mizigo, kuandika oda, kufuatilia malipo. Katika kazi hiyo, kilichoniumiza zaidi kuliko bei ndogo ni mali kauli.

Mali kauli ni kuacha mzigo dukani na kulipwa ukishauzwa tu. Mama anakuja na vikapu ishirini, duka linavipokea, anapewa karatasi yenye sahihi, anaambiwa arudi mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi vimeuzwa vitatu. Analipwa vitatu, nauli imekula kimoja. Mwezi wa pili vimeuzwa viwili. Vilivyokaa dirishani vimepauka kwa jua, na siku ya mahesabu anarudishiwa kama "havina soko". Muda wote huo fedha yake imelala kwenye rafu za watu, na yeye amekopa kwenye kikoba ili anunue rangi ya mzigo mwingine. Duka limepamba kuta zake kwa mtaji wa mtu asiye na mtaji. Nimeona hata duka lenye maneno mazuri mlangoni likikaa na mzigo wa kikundi kizima tangu masika mpaka vuli, huku akina mama wakipigiwa simu ya kuomba subira. Bei waliyoandikiwa kwenye karatasi ilikuwa nzuri sana. Haikuwasaidia.

Shirika la dunia la biashara ya haki, WFTO, lililoanza mwaka 1989, lina kanuni kumi ambazo wanachama wake wanapaswa kuzifuata. Watu hukumbuka ile ya malipo ya haki, na ile inayokataza kazi za kulazimishwa na kuwatumikisha watoto. Mimi huitazama zaidi kanuni ya tatu, inayohusu mwenendo wa biashara. Inasema kwamba kwa kazi za mikono, fundi akiomba, mnunuzi anapaswa kutanguliza angalau asilimia 50 ya thamani ya oda, bila riba. Hiyo nusu ndiyo inayonunua malighafi, ndiyo inayomfanya mama asuke bila kuuza kuku wake, na ndiyo inayolibana duka litafute wateja kwa bidii, maana fedha yake imeshaingia humo.

Kwa hiyo rudi kwenye lile duka la Masaki. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, wakati hakuna wateja wengi, umsalimie muuzaji vizuri, kisha umuulize kwa upole: "Hivi vikapu mmevinunua au mmevichukua mali kauli?" Akiwa hajui, usimbane, yeye ni mwajiriwa. Omba kuzungumza na anayehusika na manunuzi. Muulize mkitoa oda mnatanguliza kiasi gani, bei mnakubaliana vipi na kikundi, oda ya mwisho kwa kikundi hiki ilikuwa lini, na kikapu kikitoka na kasoro hasara inakuwa ya nani. Swali la oda ya mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Duka linaloagiza kwa kikundi kilekile kila baada ya miezi michache limempa fundi kitu cha kupangia maisha. Duka lililonunua mara moja, likapiga picha, halikurudi tena, limefanya hisani ya siku moja.

Mwenye duka la haki hufurahia maswali hayo. Atakutajia kikundi na kijiji, pengine atafungua daftari akuonyeshe. Asipokutajia shilingi kamili aliyolipa usimhukumu, hiyo ni siri ya biashara yake na ya kikundi. Lakini anayekujibu kwa mzunguko, "tunawasaidia akina mama," "tunarudisha kwa jamii," bila kukutajia hata kijiji, huyo mpe asante uondoke.

Niseme pia kwamba mali kauli si dhambi kila inapotumika. Duka changa linalojaribu bidhaa mpya, likachukua vipande vitano, kwa maandishi, kwa tarehe ya hesabu inayoheshimiwa, na kwa ahadi kwamba kitakachoharibikia dukani ni cha duka, hilo mimi nalikubali. Ninachokataa ni duka zima kuendeshwa hivyo mwaka hadi mwaka, halafu likajiita la haki.

Kuhusu alama. Ile ya Fairtrade, duara lenye buluu na kijani na umbo la mtu aliyeinua mkono, utaikuta zaidi kwenye kahawa, chai, kakao, ndizi na pamba. Usiitafute kwenye kikapu cha Iringa ukaona kimekosa sifa. Kwa kazi za mikono alama inayohusika ni ya WFTO, na hiyo hupewa taasisi inayofanya biashara baada ya kukaguliwa mwenendo wake wote. Kukaguliwa kunataka ada na makaratasi mengi, hivyo vipo vikundi na maduka madogo hapa mjini yanayofanya haki kabisa bila alama yoyote. Alama ikiwepo ni jambo jema. Isipokuwepo, ndipo maswali yako yanafanya kazi.

Wakwe wa dada yako huenda wakakuuliza haya haya. Uholanzi ni kati ya nchi zilizoanza mapema. Mwaka 1969 lilifunguliwa duka la kwanza la biashara ya haki nchini mwao, huko Breukelen, mji mdogo usio mbali na Utrecht unakokwenda, na kahawa ya kwanza yenye nembo ya biashara ya haki ya Max Havelaar ilianza kuuzwa kwao mwaka 1988. Kwa wengi wao, kuuliza kitu kimetoka kwa nani ni kawaida tu. Ukiwa na jibu la kweli, zawadi yako itapokelewa vizuri zaidi.

Jambo jingine la kutazama dukani ni kile kikaratasi kinachoning'inia kwenye bidhaa. Kimoja kitakuandikia jina la fundi, kijiji, malighafi, siku za kazi. Kingine kitakuwekea picha ya mjane na watoto wake na maneno ya kuhuzunisha. Mimi cha pili sikipendi hata kidogo. Msukaji wa Iringa ana ufundi aliorithi kwa mama yake na bibi yake, mkono wake unapima mduara bila rula, na anastahili kulipwa kwa ufundi huo. Anayekuuzia umaskini wa fundi hakuuzii kikapu tena. Muulize muuzaji kama huyo mama anajua picha yake inaning'inia Masaki. Kimya chake kitakutosha.

Haya, tuje kwenye manunuzi yenyewe.

Kwa mama mkwe nunua kikapu cha milulu, kile kile kilichokuvutia, maana jicho lako limechagua vizuri. Milulu ni majani ya mfano wa matete yanayoota penye maji, na akina mama wa Kihehe wanayasuka yakabana hadi kikapu kinasimama chenyewe kama chungu. Kiweke sakafuni uone kama kitako kinatulia au kinayumba. Pitisha kidole ukingoni. Ncha zikikuchoma, umaliziaji ni wa haraka. Vuta mkanda wa ngozi kwa nguvu, maana kikapu kizuri mara nyingi huharibikia hapo, kwenye mishono. Kisha kinuse. Harufu ya ukungu maana yake milulu haikukauka, na ukikifunga kwenye begi kwa safari ndefu kitafika kina madoa. Tofauti ndogo za rangi na za mduara si kasoro, hiyo ni alama ya mkono. Usikikandamize ukipakia, kijaze nguo zako kiende kama kilivyo.

Vikapu vya ukindu navyo ni vizuri, ni laini na vyepesi, na vikibonyea njiani unavilowanisha kidogo kwa kitambaa, unavirudisha kwenye umbo, unavianika kivulini. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 vimerudi sokoni kwa nguvu, na nimefurahi kuona vijana wa mjini wakienda navyo gengeni. Kimoja kidogo kingemfaa yule jirani, nitakirudia.

Kwa baba mkwe nina mawili ya kukupa.

La kwanza ni picha ya Tingatinga. Nenda Oysterbay, karibu na Morogoro Stores, kwenye kituo cha ushirika wa wachoraji hao. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora hapa Dar mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi. Ndugu na wanafunzi wake waliendeleza kazi, na mwaka 1990 wakaandikisha ushirika wao. Pale unamkuta mchoraji amekaa na brashi mkononi. Unaweza kuzungumza na mwenye kazi mwenyewe na kumuuliza analipwaje. Tafuta sahihi kwenye picha na uulize kama aliyeisaini ndiye aliyeichora, kwa kuwa picha zinazouzwa mitaani mara nyingi ni nakala za nakala. Chagua iliyo kwenye turubai, si ya mbao, ili uikunje kwa kuiviringisha, upande wa rangi ukiwa nje, na karatasi safi juu yake. Kabla ya hapo hakikisha imekauka kabisa. Rangi hizi za mafuta huonekana kavu juu huku chini bado mbichi, na picha iliyoviringishwa mbichi inajinatia yenyewe. Mwambie mchoraji siku unayosafiri, atakushauri uichukue ipi.

La pili ni kinyago cha mpingo, kutoka soko la vinyago la Mwenge. Hapa unatakiwa ujue unachokishika. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Kiini chake ni cheusi cha kahawia, na ganda lake la nje ni la rangi ya maziwa, ndiyo maana Wamakonde hupenda kuacha mstari mweupe mahali fulani kwenye kinyago. Miti mingine hupakwa dawa ya viatu ikang'aa kama mpingo. Beba kitambaa cheupe chenye maji, usugue chini ya kitako. Kikitoka cheusi, umeshajua. Kinyago cha kupakwa rangi si kibaya kama kimechongwa vizuri na kinauzwa kwa bei ya mti wake. Ubaya ni kukuuzia kwa jina la mpingo.

Na mpingo wenyewe una haki zake. Hukua taratibu mno, miongo mingi hadi ufae kuvunwa, na huko nje unatafutwa kwa kutengenezea klarineti, ala ya muziki ya kupuliza. Kwa muda mrefu magogo yaliondoka vijijini kwa bei ya bure. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa, kwa kushirikiana na MCDI, shirika la uhifadhi wa mpingo, vilipata cheti cha usimamizi wa misitu yao kutoka FSC, baraza la kimataifa la misitu, na kijiji chenye msitu kikaweza kuuza mpingo wake chenyewe na mapato yakabaki kijijini. Mchongaji wa Mwenge si rahisi akuonyeshe cheti, lakini muulize gogo limetoka wapi. Wengi hujibu kwa uwazi. Tangu mwaka 2017 mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ila bidhaa zilizokamilika ambazo mti wake hauzidi kilo 10 kwa mzigo mmoja hazihitaji kibali cha mkataba huo. Kinyago chako kimoja kina nafasi yake. Tunza risiti tu. Kwa kweli ningekushauri uchukue kidogo, cha kiganjani. Hewa ya nyumba za Ulaya wakati wa baridi hukaushwa na vipasha joto, na mti uliozoea unyevu wa Dar hupasuka. Mwambie mzee akipake mafuta kidogo na asikiweke juu ya kipasha joto.

Mwenge unapatana bei, tofauti na duka lenye bei ya kubandika. Patana, lakini tambua unapatana na nani. Ukimkuta anachonga mwenyewe, huyo punguzo lolote analikata kwenye jasho lake. Ukimkuta ni muuzaji mwenye kila kitu, pamoja na vinyago vya mawe ya Kisii kutoka Kenya, huyo ni mfanyabiashara kama wa Kariakoo, ananunua na kuuza, zungumza naye kibiashara. Na usiende jioni sana kwa kusudi la kupata bei ya chini. Fundi ambaye hajauza kitu tangu asubuhi atakubali hela ya nauli na unga, hata ikiwa haifikii gharama ya mti. Utarudi nyumbani umefurahi kwamba umepata rahisi, na utakuwa umefanya kile kile ulichokuwa unaliogopea duka la Masaki.

Watoto ni rahisi. Wa miaka kumi mpelekee ubao wa bao wa kukunja, umfundishe mwenyewe. Zile komwe ziache, mbegu huweza kukuletea maswali ya bure forodhani, mpe gololi. Wa miaka minne mpelekee mwanasesere wa kitambaa aliyeshonwa kwa mabaki ya vitenge, macho yawe ya uzi, si ya shanga au vifungo. Magari ya makopo ya bati nayapenda mno, lakini kingo zake ni kali kwa mkono wa mtoto. Ukiwa na hamu ya vitu vya aina hiyo kwa mtu mzima, karakana kama Wonder Workshop ya hapa Dar, ya mafundi wenye ulemavu, imejijengea jina kwa kutumia chupa na vyuma chakavu, na Neema Crafts ya Iringa, iliyoanza mwaka 2003 na vijana viziwi, ilianza kwa kutengeneza karatasi za mkono, zikiwemo za kinyesi cha tembo. Kinachonivutia kwao ni kwamba bidhaa inasimama kwa ubora wake.

Jirani mpe kitambaa cha meza cha batiki, ndani ya kile kikapu kidogo cha ukindu, na pakiti ya kahawa ya Kilimanjaro au Kagera. Batiki ya nta igeuze nyuma: rangi inapaswa kuwa imepenya, nyuma ikaribiane na mbele. Ikiwa nyuma ni nyeupe nyeupe, hicho ni kitambaa cha kuchapwa mashineni. Sugua kona kwa leso yenye maji uone kama inachuja. Kanga nayo ni zawadi yenye heshima na mimi husafiri nayo, ila ni ya kiwandani, kwa hiyo usiihesabu kwenye kazi za mikono. Mfuko wa kitenge ni hivyo hivyo: kitambaa ni cha kiwanda, mara nyingi cha ng'ambo, mkono uliopo ni wa fundi cherehani, basi uliza yeye analipwaje kwa kila mfuko. Shanga za Kimaasai pia, kioo chenyewe kwa kiasi kikubwa hutoka Jamhuri ya Cheki, lakini kazi ni ya akina mama wenyewe na thamani yake iko kwenye kazi hiyo.

Vitu vya kutogusa hata ukipewa bure ni gamba la ng'amba, pembe za ndovu, matumbawe na makombe makubwa ya baharini. Utanyang'anywa uwanja wa ndege, na unaweza kushtakiwa.

Fedha yako nisingeigawa sawa kwa sawa. Ningeweka sehemu kubwa kwenye vitu viwili, kikapu cha mama mkwe na picha ya baba mkwe, kwa kuwa hivyo ndivyo vitakavyoonekana sebuleni miaka yote, kisha watoto na jirani wakapata kutoka kwenye kinachobaki. Kinyago kiache kwanza. Ikibaki nafasi kwenye fungu na kwenye kilo za begi, sawa. Dukani dai risiti hata kama hujaulizwa. Duka lisilotoa risiti halina msingi wa kukuambia habari za haki.

Kuna jambo moja zaidi, nalo liko ndani ya uwezo wako. Huna lazima ya kununua kikapu kilichopo rafuni. Kama duka litakujibu vizuri, liombe likuagizie kwa kikundi, au likuunganishe nacho, na wewe mwenyewe ulipe nusu mbele. Sema ukubwa kwa sentimita, sema rangi, tuma picha, kisha usibadilishe mawazo kazi ikishaanza. Usiombe sampuli ya bure. Kikija na mstari uliopinda kidogo tofauti na picha, kipokee. Nusu iliyobaki ilipe siku unayokichukua, si baada ya kurudi safari.

Ila fanya hivyo wiki hii. Sasa ni Oktoba. Mvua za Iringa huanza kati ya Novemba na Desemba, na zikianza akina mama wanaingia shambani kulima mahindi, milulu haikauki vizuri, na kikapu ambacho sasa kingechukua siku nne kitachukua wiki mbili. Oda ya Oktoba inafika Dar kabla ya safari yako ikiwa kavu. Ya mwishoni mwa Novemba sikushauri, maana utamharakisha mtu aliye na jembe mkononi, na utapokea kikapu chenye unyevu.